Je, Wajua? Mitishamba: Siri Iko Kwenye Kipimo

Kuanzia Kwale hadi Kasulu, ukiuliza dawa ya tumbo kijijini hutakosa wa kukuonyesha mti. Sasa uliza swali la pili: gome au mzizi? Mbichi au kavu? Ya kuchemsha au ya kuloweka? Kikombe au kijiko, na kwa mtoto je? Hapo ndipo mjuzi na mbabaishaji wanapoachana njia. Safu ya leo inalifuata hilo swali la pili, kwa sababu mti ule ule huponya, hudhuru au haufanyi lolote kulingana na mkono ulioushika. Soma ujifunze. Humu hamna kipimo cha kwenda kujaribu nyumbani, wala sababu ya kuacha dozi uliyopewa hospitali.

1. Je, wajua kwamba sokwe naye ana dawa yake, na anajua sehemu ya kutafuna?

Mwaka 1987, katika Milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa msitu ule, walikuwa wakimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa hoi: mlegevu, hana hamu ya kula, kutwa kulala. Akauendea mti ambao Watongwe huuita mjonso, akavunja chipukizi, akalimenya gome, akayatupa majani, kisha akatafuna kiini cha ndani na kufyonza maji yake machungu. Kesho yake alasiri alikuwa amechangamka. Mzee Kalunde akamwambia mwenzake kwamba hata kwao mjonso ni dawa ya tumbo.

Maabara zilikuja kuonyesha kwamba majani na gome, vile vile alivyovitupa Chausiku, vina kwa wingi kemikali yenye sumu ambayo kiini hakinayo kwa kiasi hicho. Mti wenyewe si mgeni kwetu: Wahaya huuita mubilizi, Waganda mululuza.

2. Je, wajua kwamba moto nusura uiue dawa ya malaria?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti wa Kichina Tu Youyou na wenzake walikuwa wakiipima artemisia dhidi ya malaria. Mara inafanya kazi, mara haifanyi. Tu akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong, wa karne ya 4, akakuta maelekezo mafupi: loweka mmea kwenye maji, ukamue, unywe maji yake. Moto haukutajwa. Akabadilisha njia na kuitoa dawa kwenye joto la chini, na matokeo yakatulia. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania wamewahi kuilima artemisia kwa ajili ya viwanda vya dawa mseto. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya majani yake kama tiba ya malaria. Kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakitabiriki, na dozi hafifu huwafundisha vimelea kuizoea dawa.

3. Je, wajua kwamba iko dawa ya uzazi ambayo moto hauiwezi kabisa?

Hii ni ya Kongo. Miaka ya 1960, daktari Mnorwe Lorents Gran, aliyekuwa huko na Msalaba Mwekundu, aliona wajawazito wakinywa maji ya mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uchungu. Uchungu ulikuja kweli, wakati mwingine kwa nguvu ya kutisha hadi mama akahitaji upasuaji. Swali lililomkaa daktari ni hili: kitu gani hiki kinachochemshwa, kikanywewa, kikapita tumboni, na bado kikafanya kazi?

Jibu lilikamilika mwaka 1995. Ni protini ndogo iliyofungwa duara, haina mwanzo wala mwisho, halafu ina fundo katikati. Kwa kuwa haina ncha, vimeng'enya vya tumbo havina pa kuanzia kuikata. Wanasayansi waliipa jina la kijijini, kalata B1, na leo kuna kundi zima la protini za aina hiyo linalochunguzwa kwa ajili ya dawa za kumeza.

4. Je, wajua kwamba mafuta ya nyonyo ni dawa na mbegu yake ni sumu?

Mbegu za mbarika zina risini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zitokazo kwenye mimea. Ukikamua, mafuta hutoka na risini hubaki kwenye makapi, tena joto huiharibu. Ndiyo maana bibi aliyekunywesha kijiko cha nyonyo ili uharishe alijua alichofanya, na mtoto anayechezea mbegu zile zenye madoadoa yuko hatarini. Wamisri wa kale waliyaandika matumizi yake kwenye mafunjo ya Ebers, ya karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo.

5. Harakaharaka: vitu vya jikoni na barazani

Karafuu. Ganzi unayoisikia ukiuma karafuu kwa jino linalouma inatokana na yujenoli. Daktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza kizibio cha muda.

Mswaki. Kijiti cha mti wa mswaki hutafunwa ncha hadi kigeuke brashi. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1986 pale ambapo ndiyo desturi.

Ubuyu. Unga ule mchachu una vitamini C kwa wingi. Umoja wa Ulaya uliuruhusu sokoni kama chakula kipya mwaka 2008, wakati watoto wa Dodoma walikuwa wakiumung'unya tangu enzi na enzi.

Shubiri. Maji yake machungu ya manjano huendesha tumbo. Mama hupaka titini kumwachisha mtoto ziwa, na mfugaji huweka majani yake kwenye maji ya kuku msimu wa mdondo.

Kivumbasi. Hupandwa kando ya mlango, na jioni majani yake hufukizwa ili mbu wakae mbali.

6. Je, wajua kwamba mnanaha umelaza watu hospitali na pia umewaokoa huko huko?

Mnanaha huota jalalani, maua meupe kama tarumbeta, tunda lenye miiba. Wenye pumu walivuta moshi wa majani yake, na Ulaya waliuza sigara za pumu zilizotengenezwa kwa mmea huo hadi karne ya 20. Ndani yake mna atropini, ile ile ambayo daktari humchoma mtu aliyepata sumu ya dawa za kunyunyizia mazao.

Kiasi kikizidi kidogo, mtu hukauka mdomo, moyo huenda mbio, akaanza kuongea na wasioonekana. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, mamia ya watu waliugua na watano wakafariki baada ya kula unga wa lishe. Uchunguzi ulikuta kemikali za jamii hiyo ndani ya unga.

7. Je, wajua kwamba sumu ya mshale ilipata kazi kwenye wodi ya moyo?

Msungu, ambao Wamaasai huuita olmorijoi, huchemshwa kwa saa nyingi hadi ubaki ujiuji mweusi wa kupaka kwenye mshale. Wagiriama na Wakamba waliwindia tembo kwa sumu hiyo. Kemikali yake, uabaini, huushika moyo. Madaktari wa Ulaya waliitumia kwa vipimo vidogo mno kuimarisha moyo uliochoka.

Kuna mwingine aliyejifunza. Mwaka 2011 watafiti walieleza habari za panya mmoja wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu, ambaye hutafuna gome la msungu na kujipaka mate yake ubavuni. Mbwa anayemng'ata hujuta, na wengine hufa.

8. Je, wajua kwamba mugariga ulikuwa dawa kabla ya kikombe cha Babu?

Mwaka 2011 dunia iliijua Samunge, kijiji cha Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu mwenyewe, aligawa kikombe kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikaenda kilomita nyingi. Waliotoka Nairobi walikuwepo, waliotoka Dar walikuwepo, hata helikopta zilitua. Mti wenyewe, mugariga, ulikuwa ukijulikana siku nyingi. Wamaasai huuita olamuriaki, na mizizi yake hutumika katika jamii kadhaa kwa maumivu ya kifua na magonjwa ya zinaa.

Kilichokuwa kipya ni kipimo: kikombe kimoja, mara moja, kutoka mkono wa mtu mmoja, kwa kisukari, saratani na UKIMWI kwa pamoja. Hakuna tabibu wa jadi anayejiheshimu anayetoa dawa moja kwa magonjwa yote. Baadhi ya wagonjwa walifia njiani au foleni, na madaktari walipokea wengine walioziacha dawa zao za kufubaza virusi. Mwasapila alifariki Julai 2021. Mugariga bado upo porini, na bado ni dawa ya yale yale ya zamani.

9. Je, wajua kwamba askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia walikunywa magome ya Usambara?

Mkwinini asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, na kwinini yenyewe ilitengwa kwenye magome yake mwaka 1820 huko Ufaransa. Wajerumani waliupanda Amani, katika Usambara ya Mashariki, walikojenga taasisi ya utafiti mwaka 1902. Vita ilipokata njia za meli, magome hayo yakawa tegemeo la jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck. Baadaye, wakiwa porini, askari wake waliyachemsha wenyewe. Kinywaji kilikuwa kichungu kupindukia, wakakitania kwa kukiita pombe ya Lettow. Upande wa Kongo, Bukavu imekuwa na kiwanda cha kutoa kwinini kwenye magome ya mashamba ya Kivu kwa miongo mingi.

10. Je, wajua kwamba sabuni ya wanawake wa Ethiopia iliua konokono wa kichocho?

Mwaka 1964 daktari Aklilu Lemma alikuwa Adwa akichunguza kichocho, ugonjwa unaosambazwa na konokono wa majini. Akaona jambo mtoni: pale wanawake walipofulia kwa matunda ya mmea uitwao endod, konokono wa upande wa chini wa mkondo walikuwa wamekufa, wengi kuliko popote. Akachukua konokono wazima, akawatia povu la endod kwenye ndoo. Wakafa.

Mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Wanawake wale hawakuwa wakitibu kitu. Walikuwa wakifua nguo, na ilihitaji mtu wa kutazama maji yaliyokuwa yakitiririka kwenda chini.

11. Je, wajua kwamba mbegu za mlonge husafisha maji, ila haziyatakasi?

Vijijini Sudan, kando ya Mto Nile, wanawake wamekuwa wakitumia mbegu za jamii ya mlonge kwenye maji ya matope. Samia Al Azharia Jahn ndiye aliyelifanya jambo hilo lijulikane kisayansi. Mbegu humenywa, husagwa, hukorogwa kwenye maji. Protini yake yenye chaji chanya huvuta chembe za udongo zenye chaji hasi, zikashikamana, zikazama. Maji ya juu huwa meupe na sehemu kubwa ya vijidudu huwa imezama na tope. Sehemu kubwa, siyo vyote. Kwa hiyo sufuria bado ina kazi: chuja, kisha chemsha.

12. Je, wajua kwamba supu ya Kimaasai hupikwa kwa magome?

Vijana wakiwa olpul, kambi ya kula nyama, mchuzi huchemshwa na mizizi au magome. Olkiloriti ni wa kusaga chakula na kuchangamsha mwili, olmukutan ni wa kutoa minyoo na kuendesha tumbo. Mtafiti Timothy Johns na wenzake waliipa nafasi supu hiyo katika kueleza kwa nini ulaji wa nyama na maziwa kwa wingi haukuwaletea Wamaasai lehemu ya kutisha kwenye damu: magome hayo yana saponini, ambazo zinaweza kupunguza unyonyaji wa lehemu. Kutembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe nako hakuna budi kuhesabiwa.

13. Je, wajua kwamba duka la dawa la Pwani lilikuja kwa jahazi?

Mvuje, habasoda, zafarani, shamari: vingi vilishuka bandarini kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, pamoja na tiba inayogawa vyakula na miili kuwa ya moto na ya baridi. Ndiyo maana Unguja, Mombasa na Lamu mzazi hupewa uji wa pilipili manga siku za arubaini. Amepoteza damu, mwili umepoa, apewe cha moto. Mkunga humkanda tumbo kwa mafuta na maji ya moto, na ngozi hupakwa liwa, ambayo kijiti chake husuguliwa kwenye jiwe la msio pamoja na marashi.

Mvuje unanuka, nao hufungwa mtoto mkononi au shingoni. Kuufunga ni desturi, na haudhuru. Kumpa mtoto mchanga aunywe ni jambo jingine, na vituo vya afya huonya dhidi yake.

14. Je, wajua kwamba mti wa Shimba Hills uliwahi kusafirishwa kwa tani?

Miaka ya 1970 Taasisi ya Saratani ya Marekani ilitafuta maitansini, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1972 kwenye mmea wa Ethiopia. Ndugu yake, Maytenus buchananii, alipatikana kwa wingi Shimba Hills, kusini mwa Mombasa. Zaidi ya tani 27 za mmea huo zilikusanywa kwa ajili ya majaribio.

Majaribio yakakwama: dawa iliua saratani, lakini karibu imwue na mgonjwa. Ilikaa kabatini miaka mingi, hadi wanasayansi walipoifunga kwenye kingamwili inayoitafuta seli yenye saratani na kuipakua humo humo. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya matiti yenye kemikali iliyotokana na maitansini. Tatizo la miaka 40 lilikuwa namna ya kuipima na kuifikisha. Siku hizi kiini chake hutengenezwa na bakteria kiwandani, na miti ya Kwale imepumua.

15. Je, wajua kwamba ua la bustanini hutibu saratani ya damu ya watoto?

Vinka, lile ua la waridi au jeupe lililozagaa uani kwenye nyumba za Pwani, asili yake ni Madagaska. Watu wa nchi mbalimbali walinywa chai yake kwa kisukari. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliipima kwa ajili ya sukari. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Hapo zikazaliwa dawa za vinblastini na vinkristini, ambazo pia hutumika kwa uvimbe wa taya kwa watoto ulioelezwa na Denis Burkitt mjini Kampala mwaka 1958. Usichume ua ukachemsha: dawa ya hospitali hutolewa kwa miligramu chache mno, na daktari hupima damu kwanza.

16. Je, wajua kwamba gome lina upande wake?

Waganga wengi huchukua gome upande wa macheo na upande wa machweo, kisha huondoka. Sababu wanayoitoa ni ya nguvu ya jua. Faida nyingine ni kwamba mti unabaki na njia ya kushusha chakula kutoka majanini hadi mizizini. Ukiuvua gome kuuzunguka wote, umeuua.

Ndivyo ilivyoupata mwiria, mti wa milimani unaokua Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo na Kamerun. Gome lake hutumika Ulaya kwa matatizo ya tezi dume, na biashara ikawa kubwa hadi mwaka 1995 ukawekwa kwenye orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Miongozo ya uvunaji inasema: vua robo mbili za shina zinazoelekeana, ukiacha sehemu ya chini, halafu uupe mti miaka ya kujifunika. Ni kama alivyofanya mganga.

Msandali wa kwetu hali yake ni mbaya zaidi, kwa sababu mafuta yako hadi mizizini na wavunaji haramu huung'oa mzima. Nao uliingia CITES mwaka 2013.

17. Je, wajua kwamba mwiko umehifadhi dawa kuliko uzio?

Kaya za Mijikenda katika pwani ya Kenya ni misitu ambamo kukata mti ovyo ni kosa mbele ya wazee na mizimu. Mashamba yameizunguka pande zote, lakini ndani miti ya dawa ipo. UNESCO iliziingiza kadhaa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Usukumani kuna ngitili, malisho yaliyofungwa ili yajirudie. Serikali ilipoanza kurudisha uoto Shinyanga mwaka 1986 kupitia mradi wa HASHI, desturi hiyo ndiyo iliyofufuliwa, na miti ya dawa ikarudi pamoja na nyasi.

18. Je, wajua kwamba mwarobaini uliwahi kuwa na mwenye hataza?

Mti wenyewe ni wa Asia Kusini, ukazoea kwetu kama mwenyeji. Majani makavu hulinda kunde na mahindi ghalani, na azadiraktini ya mbegu huwazuia wadudu kula na kukua. Miaka ya 1990 kampuni moja ya Marekani na wizara ya kilimo ya nchi hiyo walipewa hataza barani Ulaya kwa njia ya kuua kuvu kwa mafuta ya mwarobaini. Wahindi wakapinga: kwao hilo halikuwa jipya. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikashindwa mwaka 2005. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 unataka anayenufaika na mmea na ujuzi wa jamii agawane faida na jamii hiyo.

Angalizo: mafuta ya mbegu hizo yakinyweshwa mtoto mchanga yameripotiwa kuleta madhara mabaya ya ubongo na ini.

19. Je, wajua kwamba nyungu ina manufaa na mipaka?

Mwaka 2020, wakati wa korona, Tanzania ilijifukiza: mchaichai, majani ya mwarobaini, mkaratusi, limau, blanketi juu ya kichwa. Mvuke hulegeza makamasi na kumpa mgonjwa nafuu ya kupumua. Kirusi kilicho ndani ya seli za mapafu mvuke haukifikii. Majeraha ya maji ya moto, hasa kwa watoto, ndiyo hatari iliyo karibu zaidi. Sufuria ikae chini, imara, na mtoto asifunikwe nayo.

20. Je, wajua kwamba degedege huwa haliitwi malaria?

Tafiti za Bagamoyo na kwingineko Tanzania zilionyesha kwamba wazazi wengi walilihesabu degedege kuwa ugonjwa wa peke yake, wa upepo au shetani, na wengine waliogopa kwamba sindano ingemwua mtoto. Mganga akawa kituo cha kwanza, na saa zikapotea. Ukweli ni kwamba malaria kali ni sababu mojawapo kubwa ya degedege kwa watoto wadogo. Mganga anayejua hilo, akamwambia mama "mpeleke zahanati sasa hivi", ameokoa maisha kabla hajagusa jani.

21. Je, wajua kwamba ukishasagwa, mti hauna jina?

Tazama meza ya mitishamba pembeni mwa stendi. Mizizi imefungwa mafungu kwa mpira, kando yake chupa za maji zilizotumika zimejazwa unga wa kahawia, na ubaoni kuna orodha: presha, sukari, ngiri, nguvu za kiume. Mzizi mzima mjuzi atautambua kwa harufu, rangi ya ndani na namna unavyovunjika. Unga ni unga. Jicho haliwezi kusema ni mti gani, ulichumwa lini, au kama umechanganywa na kidonge cha dukani kilichosagwa. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekamata "mitishamba" yenye dawa za viwandani ndani yake.

22. Harakaharaka: walioandika, waliochunguza, waliotunga sheria

Profesa John Kokwaro wa Kenya alitoa kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976. Watanzania Mahunnah na Mshiu, pamoja na Chhabra, waliorodhesha mimea ya dawa ya mashariki mwa Tanzania katika mfululizo wa makala za kisayansi kuanzia mwaka 1987.

Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991.

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi liliwataja watabibu wa jadi kama watu wanaoweza kufanya kazi ndani ya timu ya afya.

Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waganga na madaktari wa hospitali ya mkoa walianza kuwahudumia pamoja wagonjwa wa UKIMWI. Uganda ilianzisha shirika la THETA kwa lengo kama hilo mwaka 1992.

Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na baraza la kusajili watabibu. Sheria ya afya ya Kenya ya mwaka 2017 ina sehemu ya tiba asili. Uganda ilipata sheria yake mwaka 2019.

Tarehe 31 Agosti ni Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, inayoadhimishwa tangu mwaka 2003.

23. Je, wajua maswali ambayo tabibu wa kweli hachoki kuyajibu?

Ni mti gani, na sehemu gani? Umeandaliwaje, na unakaa siku ngapi kabla ya kuharibika? Nipime kwa nini: kijiko, kikombe, kitonge? Mjamzito anywe? Nikizidisha nitaona dalili gani? Na usipofanya kazi, niende wapi? Mwombe pia cheti cha usajili. Anayeshika cheti halali hukitundika ukutani.

Ukifika zahanati, maliza kwa upande wa pili: mwambie nesi ulichokunywa, hata kama unaona aibu. Mitishamba mingine hushusha sukari au presha, na ikikutana na kidonge cha kazi hiyo hiyo mgonjwa huanguka. Mingine hulichosha ini, ambalo tayari lina kazi ya kuchuja dawa za TB au za kufubaza virusi. Nesi akikugombeza, vumilia, umtajie na jina la mti. Bila jina hilo hata yeye hawezi kukupimia dozi iliyo salama.